Kumuuguza Panya

Msomaji wangu asinicheke kabla hajafika mwisho. Mimi niliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa, niliyezoea kuona vijana wakinyamaza mara wasikiapo viatu vyangu barazani, nimejikuta uzeeni nikiamka saa nane za usiku, siku kumi na moja mfululizo, kumlisha panya uji. Hakuwa panya wa maabara wala hakuwa na kazi yoyote ya kumpatia mtu sifa. Alikuwa panya wa kufugwa, mwenye jina, na alikuwa anakufa.

Kwanza yafaa nieleze kwamba panya na mimi hatukuwa marafiki. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya ya Lushoto, ikawa inarudi tena na tena kwa miaka zaidi ya ishirini. Watu maelfu waliugua na mamia wakafa. Nilifundisha huko milimani katika miaka hiyo. Tuliwafunza watoto kwamba ukikuta panya amekufa ndani ya nyumba usimguse, maana viroboto humkimbia mara aanzapo kupoa, wakatafuta mwili mwingine wenye joto. Nilichora ubaoni: panya, kiroboto, mtu, na mishale miwili kati yao. Ghala la shule lilikuwa na mitego kila pembe, na mvulana aliyeniletea mikia kumi alipata daftari jipya. Niliihesabu mikia hiyo mwenyewe, mezani kwangu, na kusema kweli nilijivuna.

Basi mwaka 2023 nilikwenda Uingereza kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Reading. Nilipofungua mlango wa chumba cha mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na mmoja, nikaona tundu kubwa la waya, na ndani yake panya wawili wa kike wakinitazama. Mmoja aliitwa Karanga na mwenziwe Tangawizi. Niliambiwa kwamba si vizuri kumfuga panya mmoja peke yake, kwa kuwa hunyong'onyea akikosa mwenzake. Niliambiwa pia kwamba Waingereza wana ufugaji huu tangu zamani, na kwamba mwaka 1901 mwanamke mmoja, Mary Douglas, aliwapeleka panya wake kwenye maonyesho huko Aylesbury. Nikasema kwamba kila taifa lina wazimu wake. Wiki mbili za kwanza sikukubali hata kunywa chai katika chumba kile.

"Baba, hawa hawana tauni," binti yangu aliniambia.

"Najua," nikamjibu. Lakini sikuingia.

Karanga alipoanza kuugua alikuwa na miaka miwili na miezi miwili, naye panya wa kufugwa huishi miaka miwili hadi mitatu tu. Kwa umri wetu alikuwa rika langu. Mlio ndio uliotangulia, kama wa mlango usiotiwa mafuta. Kisha mbavu zikawa zinachezacheza kila avutapo pumzi, na puani na machoni pakatokea utando mwekundu niliodhani ni damu. Daktari wa wanyama alitueleza kwamba haikuwa damu. Panya ana majimaji yenye rangi hiyo ambayo humtoka kwa wingi awapo mgonjwa au katika dhiki. Alisema vilevile kwamba panya hupumua kwa pua, kwa hiyo pua ikiziba anateseka sana. Ugonjwa wenyewe uliletwa na vijidudu viitwavyo maikoplasma, ambavyo panya wengi wa kufugwa wanavyo tangu utotoni. Dawa hupunguza tu, haimalizi. Tulipewa doksisaiklini.

Binti yangu alikuwa zamu ya usiku. Mjukuu alikwenda shule. Nyumbani nilibaki mimi na televisheni. Nani angempa panya dawa? Nilivaa miwani nikasoma kijikaratasi kilichomo kwenye boksi, kisha nikamwuliza binti yangu kuhusu dawa hiyo. Akanijibu kwamba ni ya jamii ya tetrasaiklini. Niliketi kitini. Dawa za jamii hiyo ndizo zitibuzo tauni. Katika maisha yangu yote niliifahamu kama dawa ya kumwokoa mtu na balaa la panya, na sasa nilikuwa natakiwa kumtilia panya mwenyewe mdomoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unamzungushia taulo dogo, kichwa kibaki nje. Unachukua bomba la sindano lisilo na sindano, unaingiza ncha yake pembeni mwa mdomo, wala si kwa mbele, ili dawa isije ikaingia mapafuni. Unatia tone moja, unangoja ameze, ndipo unatia jingine. Dawa ilichanganywa na ndizi iliyopondwa ili asisikie uchungu. Nilikuwa nimekwenda na unga wa ulezi kutoka nyumbani, nikamkorogea uji mwepesi, na nina hakika kwamba katika mji wote wa Reading hapakuwa na panya mwingine aliyekunywa uji wa ulezi. Kando yake niliweka chupa ya maji ya moto iliyotiwa ndani ya soksi. Kila asubuhi nilimpima kwa mizani ya jikoni: gramu 312, kisha 305, kisha 301. Niliandika yote katika daftari, pamoja na saa na kiasi alichokula, maana mwalimu hawezi kuishi bila rejista. Tangawizi hakutoka ubavuni mwa mwenziwe. Alimlamba masikio, akamsafisha ule wekundu wa machoni, kazi ambayo mimi na pamba yangu hatukuiweza vizuri kama yeye.

Usiku wa nne, alipomaliza uji, alinilamba kidole. Huenda palikuwa na ndizi. Hata hivyo nililala vizuri usiku ule.

Nilipompigia simu mke wangu nikamsimulia, alicheka mpaka akakohoa. "Mzee, umepanda ndege kwenda Ulaya kuuguza panya!" Alipokwisha kucheka alinyamaza kidogo, kisha akauliza polepole, "Na Mama je?"

Mama yangu aliugua miezi mitatu mwaka 1994. Mke wangu ndiye aliyemgeuza kitandani, aliyemlisha, aliyemwosha. Mimi nilikuwa mwendo wa saa mbili kwa basi, na ulikuwa wakati wa mitihani. Nilikuja Jumapili mbili. Siku zote nimesema kwamba ilikuwa kazi, na watu wamenikubalia, kwa sababu mwalimu mkuu akisema kazi, nani atambishia?

Lipo swali ambalo kila mtu huliuliza kwanza, nami nililiuliza pia: je, ni halali kutumia zaidi ya paundi hamsini kwa panya, ilhali kwetu yupo mtu anayekosa dawa ya malaria? Nimelitafakari sana, na naliona jepesi kuliko linavyosikika. Fedha zile zisingepelekwa kwenye zahanati yoyote. Zingenunua viatu, na hakuna ambaye angemsuta binti yangu kwa viatu. Wenye kuuliza swali hili, nikiwamo mimi, mara nyingi hatuna nia ya kumtumia mgonjwa wa malaria hata senti. Twamtumia yeye kuwa hoja tu.

Lililo gumu zaidi ni hili la thamani. Pale Morogoro wapo panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na baruti zaidi ya mia moja, akatunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020, akastaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022. Alitunzwa vizuri katika uzee wake, wala sijamsikia mtu akilalamika. Alikuwa amelipa kwa kazi yake. Lakini Karanga hakugundua bomu lolote. Ikiwa matunzo ni ujira wa kazi, basi mama yangu katika miezi ile mitatu alistahili nini? Na mimi mstaafu, nisiyepiga hata kengele ya shule?

Nijuavyo mimi, deni halikutoka katika thamani yake. Lilitoka katika tundu. Panya wa ghalani nilimwua, na leo nikiona ghala la wanafunzi linaliwa nitaweka mtego tena, ila ningechagua ule unaoua mara moja. Yule ana miguu yake, ana shimo lake, anajua pa kujificha siku ya kufa. Huyu tumemfungia. Hawezi kutafuta mzizi wala maji, hawezi hata kuchagua pembe yenye giza. Aliyemnyima mwenziwe njia zote za kujisaidia amejitwika kumsaidia, awe mdogo kiasi gani. Hapo sina mashaka, na mtu akitaka kubishana nami juu ya hilo, aje tubishane.

Mashaka yangu yako kwingine.

Siku ya tisa mizani ilionyesha gramu 261. Manyoya yalisimama, mgongo ukapinda, na mara kwa mara alifungua mdomo kutafuta hewa. Mjukuu aliporudi shule alipiga magoti mbele ya tundu, akamtazama kwa muda mrefu bila kumgusa. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile cha kukwaruza, "Babu, amechoka. Inatosha."

Nikamkatalia. Nilimfungulia daftari nikamwonyesha: jana amemeza mililita mbili, juzi moja na nusu. Je, huku si kupanda? Nilizungumza naye kama nilivyozungumza na mkaguzi wa shule. Binti yangu alirudi asubuhi akiwa hoi kwa usingizi, akanisikiliza, akasema Baba ndiye anayeshinda naye, Baba ndiye anayejua. Mtoto hakusema tena.

Tukaendelea siku mbili.

Usiku wa kumi na moja, saa nane, nilimzungushia taulo kama kawaida. Mkono mmoja ulikuwa umebaki nje. Nilipoleta bomba, aliusukuma mkono ule mdogo, wenye vidole vinne vyembamba, akaliondoa bomba mdomoni. Nikaurudisha mkono ndani ya taulo. Nikatia tone. Akameza, maana angefanya nini? Nikatia jingine. Kisha nikaandika: saa 8.10, mililita 1. Nikapigia mstari.

Kulipokucha nilifungua daftari niongeze uzito, nikauona mstari ule. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa siku mbili nilikuwa nalilisha daftari. Huenda na mtu mwingine pia, aliyelala kitandani mwaka 1994, ambaye uji haukumfikia kutoka mkononi mwangu. Karanga yeye alikuwa amekwisha sema, na mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa amemsikia bila mizani.

Hilo ndilo swali lisilonipa raha. Kumtelekeza mgonjwa ni kosa, hilo twalijua sote na methali tunazo. Lakini yule asiyemwachia mgonjwa apumzike, kwa kuwa mikono yake mwenyewe imepata kazi ya kuituliza nafsi yake, tumwiteje? Kwa nje hawa wawili wasiobanduka kando ya kitanda hufanana kabisa. Wote wawili huamka saa nane.

Tulikwenda kwa daktari saa nne asubuhi. Kwanza alimpa hewa ya kumlaza usingizi, na alipokwisha lala fofofo, ndipo akamchoma sindano. Mjukuu alimshika mpaka mwisho. Mimi nilishika taulo. Tuliporudi tulimweka kidogo karibu na Tangawizi, kama daktari alivyoshauri. Tangawizi alimnusa usoni, akamlamba sikio mara moja, akaenda kula. Jioni tulimzika chini ya ua la bustani.

"Babu," mjukuu aliniuliza tukinawa mikono, "tungempeleka juzi ingekuwa bora?"

"Ndiyo," nikasema.

"Ulijua?"

"Wewe ulijua."

Usiku ule nilimsimulia mke wangu yote, pamoja na habari ya mkono kulisukuma bomba. Nilingoja anicheke au anikumbushe. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama unga wa ulezi ulikuwa umebaki.

Nikamwambia upo wa kutosha siku tatu nne.

"Basi kesho mkorogee mtoto," akasema. "Na utie limau, anapenda."