Fuma, Fumua, Fuma Tena

Kijana wa Munanila, mvua zikishakolea usipite tu chini ya mti wenye kelele za kwera. Simama. Wapo wanaomwita mnana, na wapo wanaomlaumu kwa kuchanachana majani. Lakini ndege huyo wa manjano mwenye uso mweusi ana somo la kumfaa kila anayetafuta pa kuanzia maisha, kuanzia hapa karibu na mpaka wa Burundi hadi Kasulu na Kibondo.

Mtazame anapoanza. Dume anang'ata ukingo wa jani bichi la bingobingo, kisha anaruka nao, na jani linachanika utepe mrefu mwembamba. Anauzungusha kwenye kijiti, anaubana kwa mguu, anaupenyeza chini, anauvuta juu, anafunga fundo. Sindano hana, mikono hana. Kazi yote ni ya mdomo. Utepe wa kwanza ukishika, unafuata wa pili na wa tatu, mpaka apate duara la kusimama ndani yake. Kutoka kwenye duara hilo anafuma paa na chumba cha mayai, na mlango anauelekeza chini.

Kiota kikikamilika, ndipo anapojitangaza. Ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapiga mbawa mpaka manjano yake yanawaka juani, na analia kwa nguvu kila jike anapokaribia. Jike hatosheki na makelele hayo. Anaingia ndani, anavutavuta nyuzi kwa mdomo, anakagua. Akiridhika, analeta majani laini na manyoya, anatandika. Asiporidhika, huyo, kwa jirani.

Basi sikiliza anachofanya aliyekataliwa. Majike hupenda kiota kibichi, na majani yakikauka na kugeuka rangi, wateja hupungua. Wiki moja hivi ikipita bila mwenza, dume anakifumua kiota chake mwenyewe, kisha anaanza kingine palepale kwa majani mabichi. Tawi halihami. Anachobadilisha ni kazi.

Wangapi kati yetu tuna moyo huo? Tukikataliwa mara moja, tunahama mti. Ombi la kazi likirudi, tunasema mjini kuna kujuana. Mteja akienda kwa fundi mwingine, tunasema amerogwa. Kiota kinakauka tawini, nasi tumening'inia palepale tukipiga mbawa mbele ya kazi ya mwaka juzi, tukishangaa kwa nini hakuna anayeingia.

Usiseme kwamba kwera amezaliwa fundi na wewe hukujaliwa. Mwaka 1964, Elsie na Nicholas Collias, mke na mume waliowachunguza ndege hawa kwa miaka mingi, walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu jinsi kwera anavyojifunza kujenga. Walilea madume wachanga bila kuwapa majani ya kuchezea. Walipopewa nyuzi baadaye, madume hao walihangaika sana mwanzoni, wakaachwa nyuma na wenzao waliokuwa wamezoea kuchana na kufunga tangu udogoni. Hamu ya kufuma walizaliwa nayo; mkono wa fundi ulihitaji mazoezi. Hata porini, viota vya kwanza vya dume kijana ni ovyo, nyuzi zimelegea huku na kule. Havipati mchumba, lakini ndivyo vinavyomfundisha.

Na si kwera peke yake. Katika nyasi za nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania yupo ndege mweusi mwenye mkia mrefu, ndugu wa kwera, ambaye wataalamu wamempa jina la Jackson. Dume wake hukanyaga majani mpaka apate uwanja wa mviringo, akaacha kishungi cha nyasi katikati, kisha akaruka juu, akashuka, akaruka tena. Mtafiti Steffen Andersson aliwafuatilia huko Kenya, akaona kwamba walioruka zaidi ndio waliopata majike zaidi. Kule Australia yupo ndege mwingine anayejenga kibanda cha vijiti ambamo halitagwi yai hata moja. Ni ukumbi wa kuposa tu, umepambwa kwa manyoya, maua na hata vizibo vya chupa, vingi vyake vya buluu. Dume huyo huchukua takriban miaka 7 kupata manyoya yake ya utu uzima, na katika ujana wake hushinda akijaribu kujenga. Miaka 7! Nawe umekata tamaa baada ya msimu mmoja?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini kwera anatuongezea jambo: chema nacho kionyeshwe, ila kijengwe kwanza. Kuna wanaojenga vizuri wakajificha. Kuna wengi zaidi wanaopiga mbawa huku tawi likiwa tupu. Wote hao hulala peke yao.

Kwa hiyo, dada mwenye cherehani, mteja akilalamika kwamba bega limevuta, usimnunie. Fumua mshono mbele yake, shona upya, na kesho tundika gauni hilo pale wapita njia wanapoliona. Kaka mwenye mibuni, ukichanganya kahawa iliyoiva na mbichi, mnunuzi ataonja tu na atajua. Chuma nyekundu peke yake, hata kama jirani amekutangulia kujaza gunia. Seremala, droo ikikwama, iondoe na uitengeneze upya kabla mteja hajaijua. Mwanafunzi uliyeanguka mtihani, fungua daftari ukurasa uleule uliokuangusha. Na wewe unayetafuta mchumba, maneno matamu kila mtu anayo. Binti mwenye akili na wazazi wake watavutavuta nyuzi za maisha yako waone kama zimeshika.

Kukataliwa hakujawahi kumuua kwera. Kinachomponza ni kung'ang'ania majani makavu. Tazama leo kazi yako kwa jicho la anayekuja kuikagua, tafuta unyuzi uliolegea, uvute. Ukikatika, shukuru kwamba umekatikia mkononi mwako. Mvua bado zinanyesha Munanila, na majani mabichi yamejaa kila bonde. Inuka, fumua kilichokauka, ufume upya!