Mkuu wa Safari ni Nani?

Kiswahili kimelelewa kando ya bahari yenye joto, na hata hivyo kina majina mawili ya baridi kuu: theluji, lililokuja na Kiarabu, na barafu, lililokuja na Kiajemi. Majina yalifika pwani. Kitu chenyewe kilibaki mbali, vileleni. Kwa anayeijua kwa jina tu, theluji ni weupe. Kwa aishiye chini yake, theluji ni uzito. Na wala si mtu wa pwani peke yake anayeijua kwa weupe wake. Mkaazi wa miji ya tambarare za Ulaya, apangaye safari ya raha kwenda milimani wakati wa baridi, aghalabu naye anauona weupe na kuusahau uzito.

Mtazame mtu huyo anavyopanga. Miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe hukaa na kalenda, akatafuta lini shule zitafungwa mwezi wa Februari. Amechagua bonde la Chamonix, Ufaransa, chini ya Mont Blanc, mlima unaopita mita 4,800. Nyumba hukodiwa kwa juma zima, Jumamosi hadi Jumamosi. Kuna nauli ya kufika Geneva, na gari la kuvuka mpaka kuingia bondeni, mwendo wa saa moja na ushei. Kuna mbao za kutelezea na viatu vyake, tiketi za vigari vya waya vipandishavyo watu mlimani, mwalimu wa watoto, bima. Na kwa mwenye kiu zaidi, yuko mwongozaji wa kumteremsha njia ya Vallée Blanche, inayoanzia Aiguille du Midi kwenye mita 3,842 na kushuka kiasi cha kilomita 20 juu ya barafu iliyojaa nyufa. Yote yameandikwa, na mengi yameshalipiwa. Asiyetia sahihi ni mmoja tu, nao ni mlima.

Watu husema mipango si matumizi, na aghalabu huyasema hayo kwa kujiliwaza, jambo likishaharibika. Lakini mpango una upande mwingine usiotazamwa sana. Mpango uliokwisha kulipiwa hugeuka mdai. Humwamsha mwenyewe alfajiri na kumwambia: umetoka mbali, umetumia kingi, leo ndiyo siku yako, kesho huna. Ikiwa madhara ya kumtii mdai huyo yatamwangukia mwenye mpango peke yake, hilo ni lake na nafsi yake. Swali la maadili linaanza pale madhara yanapoweza kumwangukia mwingine, naye ni yule aliyeajiriwa kutangulia mbele.

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni nyepesi kwa sababu inachukulia kuwa mkuu anajulikana. Nyumbani ni mzazi. Chomboni ni nahodha, na abiria hata awe tajiri namna gani hashiki usukani. Mlimani mambo yamechanganyika. Mwenye ujuzi ni mwongozaji, na mwenye fedha ni mgeni. Mmoja anajua, mwingine analipa. Je, mkuu wa safari ni nani?

Bonde la Chamonix lililijibu swali hilo kwa msiba. Mwezi wa Agosti 1820, daktari mmoja wa Kirusi aliyeitwa Hamel alipanda Mont Blanc kwa ajili ya uchunguzi wa kisayansi, pamoja na Waingereza wawili, mtu wa Geneva aliyeitwa Selligue, na waongozaji wa bondeni. Hali ya hewa iliwazuia kwenye majabali ya Grands Mulets, wakalala hapo usiku mmoja, na kisha wa pili. Theluji mpya ilikuwa imeanguka juu ya ile ya zamani. Asubuhi waongozaji walisita. Selligue alikataa kuendelea. Inasimuliwa kuwa alisema mume mwenye nyumba ana wajibu wa kujihadhari. Yeye alibaki, na wenziwe wakapanda. Huko juu theluji ilikatika chini ya miguu yao ikaporomoka nao, na waongozaji watatu, Pierre Balmat, Pierre Carrier na Auguste Tairraz, wakasombwa na kutumbukia katika ufa wa barafu. Wageni wote walirudi hai.

Yafaa kukitazama kwa makini kisa hiki, kwani ndani yake watu wa namna mbili walisita. Selligue alisema hapana, na hapana yake ikapokewa. Hakuna aliyeweza kumlazimisha. Huenda alichekwa kidogo, lakini alishuka na maisha yake. Waongozaji nao walikuwa na shaka, na bila ya shaka walikuwa na sababu zaidi ya yeye, maana waliijua theluji ile tangu utotoni. Lakini hapana yao ilikuwa na bei. Kukataa kulimaanisha kuitwa waoga mbele ya wageni, kupoteza ujira, na pengine kuukosa ujira wa mwaka ujao. Hapana ya tajiri na hapana ya maskini huandikwa kwa herufi zile zile, ila hazina uzito mmoja.

Mtu anaweza kupinga hoja hii, na pingamizi lake lina haki ya kusikilizwa. Atasema: waongozaji wale walikuwa watu wazima, walikubali kazi, walilipwa, tena walijivunia kazi yao. Bonde lile lilikuwa la wakulima na wachungaji wenye ardhi finyu na majira marefu ya baridi. Wageni ndio walioleta fedha. Je, huruma ya kukaa nyumbani ingewalisha watoto wa Chamonix? Ni kweli, isingewalisha. Hakuna wema katika kumnyima mtu riziki kwa kisingizio cha kumhifadhi. Lakini pingamizi hili linathibitisha jambo moja tu, kwamba safari ni halali. Halithibitishi kuwa kila asubuhi ya safari ni halali. Aliyekubali kuongoza hakukubali kuongoza katika hali yoyote ile. Ridhaa aliyoitoa sokoni haimfungi hadi kileleni. Ridhaa ya kweli ni ile inayoweza kuondolewa njiani bila ya mwenyewe kuadhibiwa.

Inaelekea watu wa bonde walilielewa hilo kuliko wanafalsafa. Mwaka 1821, mwaka mmoja baada ya msiba, waliunda chama cha waongozaji wa Chamonix, ambacho kipo hadi leo. Walipanga kazi kwa zamu, kila mtu kwa orodha, na waliweka mfuko wa kuwasaidia walioumia na jamaa za waliokufa. Kwa juu juu hayo ni mambo ya daftari. Kwa undani ni jibu la swali la ukuu. Penye zamu, mgeni hawezi kwa urahisi kumwacha mwenye tahadhari akamchukua mwenye njaa. Penye mfuko, mjane haachwi peke yake na gharama ya ujasiri wa mtu mwingine. Walikuwa wakiipunguza bei ya neno hapana.

Na mlima haukusahau. Mtaalamu wa Kiskoti, James Forbes, aliyechunguza mwendo wa mito ya barafu, alikadiria kuwa miili ya wale watatu ingetokeza chini baada ya miaka kama 40. Mwaka 1861 ikaanza kutokeza, vipande kwa vipande, kwenye ncha ya mto wa barafu wa Bossons. Mmoja wa waongozaji walionusurika alikuwa bado hai, mzee, akawatambua wenziwe. Wao walibaki vijana, yeye alikwisha kuzeeka. Barafu iliutunza ushahidi kwa miaka 41 na kuurejesha kwa watu wale wale. Mwenye kudhani kuwa lililofunikwa limekwisha, na akitafakari kisa hicho.

Hapana shaka atatokea wa kuuliza: kama kila mwenye shaka angerudi, nani angefika? Jacques Balmat na Michel-Gabriel Paccard, mtafuta mawe ya thamani na daktari, walifika kileleni mwa Mont Blanc tarehe 8 Agosti 1786, na hakuna aliyewahakikishia kuwa watarudi. Wanastahiki sifa. Lakini wale walikuwa wawili, na kila mmoja aliweka shingo yake mwenyewe. Ujasiri ni kuhatarisha kilicho chako. Kuhatarisha kilicho cha mwingine kwa sababu umemlipa kuna jina jingine, na jina hilo halimo katika orodha ya sifa.

Siku hizi mgeni ana vyombo ambavyo Hamel hakuvijua. Hubeba kifuani kifaa kidogo cha kutoa ishara ya redio, na mkobani ufito wa kuchomea theluji na sepetu ya kufukulia, kwa kuwa aliyefukiwa huwa na tamaa kubwa ya kuokoka akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo, na baada ya hapo tamaa hupungua upesi. Kila siku hutolewa taarifa ya hatari ya maporomoko, kwa kipimo cha daraja 5 ambacho nchi za Ulaya zimeafikiana tangu 1993. Ajabu ni kwamba vifo vingi havitokei kwenye daraja la 4 wala la 5. Hutokea kwenye la 3. Daraja la 5 huwaweka watu nyumbani; daraja la 3 huwaachia nafasi ya kujadiliana. Na katika majadiliano hayo, mpango uliolipiwa huwa ndiye msemaji hodari kuliko wote.

Wala yasidhaniwe kuwa ni mambo ya vileleni tu. Tarehe 9 Februari 1999, baada ya siku kadhaa za theluji nzito, poromoko lilishuka juu ya nyumba za Montroc, katika bonde hilo hilo, likaua watu 12. Hao hawakuwa wakitafuta hatari, walikuwa majumbani. Mwaka 2003 mahakama ilimtia hatiani meya wa mji kwa kutokuwahamisha watu, ikampa kifungo cha miezi mitatu kilichoahirishwa. Wapo walioona hukumu hiyo ni nzito kwa mtu asiyeamuru theluji. Lakini mahakama haikumlaumu kwa theluji. Ilimlaumu kwa neno ambalo halikusemwa kwa wakati wake, na ambalo yeye alikuwa na mamlaka ya kulisema. Ukuu ni huo: kubeba jukumu la kusema simameni.

Mlima wenyewe nao una namna yake ya kusema hapana, nao husema taratibu. Kutoka kituo cha reli ya Montenvers wageni huteremka kuuona mto wa barafu uitwao Mer de Glace. Mwaka 1988 kilijengwa kigari cha waya cha kuwafikisha penye barafu. Barafu ikawa inapungua, zikaongezwa ngazi mwaka baada ya mwaka hadi zikapita 500, na mwaka 2024 kikafunguliwa kigari kingine, mahali pa juu zaidi bondeni. Kwingineko mashine hurusha maji yaliyochanganywa na hewa ili theluji iwepo tarehe zilizoandikwa kalendani. Riziki za wengi zimefungamana na mashine hizo, na si haki kuzikejeli. Walakini tabia ni ile ile ya asubuhi ya 1820: tarehe ni yangu, basi mlima na ufuate.

Basi mpango mwema ukoje? Hauhitaji kuwa mdogo, wala wa woga. Unahitaji mlango wa kurudia. Aandaaye safari na aweke siku moja isiyo na kazi, ili siku mbaya isipewe kazi ya siku njema. Na akubaliane na mwongozaji kuhusu ujira wa siku itakayovunjwa, kabla hawajauona mlima, ili asiyepanda asilale na njaa. Na amuulize shaka zake faraghani, jioni, si mbele ya kundi lililokwisha kuvaa viatu. Na awaambie wenziwe mapema kuwa atakayesema turudi hatachekwa, akiwa ni mtoto au mgeni wa mwisho kujifunza. Hayo yote hugharimu kidogo, na gharama yake ni sehemu ya bei ya raha.

Safari ya namna hiyo yaweza kuisha bila ya Vallée Blanche. Familia itakaa dirishani, theluji ikianguka nje, na mdai ataguna ndani ya kalenda. Katika nyumba nyingine ya bonde, mwongozaji atavua viatu vyake mapema, na watoto wake watashangaa kumwona mchana. Mwenye kulipa hatalijua jina la jambo alilolinunua siku ile. Lakini amelinunua, na bei yake ni halali.