Mita Ile Ile, Kalenda Nyingine

Katika nusu ya pili ya mwaka 2024, aliyenunua umeme wa LUKU mjini Bariadi alipokea ujumbe mrefu kuliko aliouzoea. Badala ya tokeni moja ya tarakimu 20 zilikuja tatu. Ya kwanza unabonyeza, mita inaikubali, lakini uniti haziongezeki. Ya pili vivyo hivyo. Ni ya tatu peke yake iliyoleta umeme. Tarakimu 60 kwa jumla: mmoja anazisoma kwenye simu nne nne kwa sauti, mwingine yuko ukutani anabonyeza, na kidole kikiteleza mara moja tokeni nzima inaanza upya.

Tokeni mbili za mwanzo hazikubeba umeme wowote. Zilibeba ufunguo mpya na kalenda mpya. Mita za aina hii, zinazotumika nchi nyingi duniani kwa utaratibu mmoja, zilikuwa zikihesabu muda kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na hesabu hiyo ilitengewa nafasi ya biti 24, yaani dakika 16,777,216. Nafasi ikawa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Kila tokeni huwa na dakika yake, na mita hukataa tokeni iliyokwisha kutumika au iliyopitwa na wakati. Kwa hiyo mita ambayo isingeguswa kabla ya siku hiyo ingefika mahali isikubali tena tokeni mpya. Sasa mita ya Bariadi inahesabu dakika zake kuanzia mwaka 2014. Ukuta ni ule ule, namba ya mita ni ile ile, uniti zilizokuwamo hazikupotea. Lakini kumbukumbu yake ya wakati imezaliwa upya.

Je, ni mita ile ile?

Swali hili lina umri mkubwa. Plutarch alisimulia juu ya meli ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mwingine mzima, mpaka wenye hekima wakagawanyika: hawa wakasema ni meli ile ile, wale wakasema siyo. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza chumvi kwenye kidonda: mtu akiziokota zile mbao kuukuu zote akaunda nazo meli ya pili, ipi ndiyo ya Theseus? Kwa muda mrefu hilo lilikuwa zoezi la darasani. Leo ni kazi ya usiku ya fundi wa kompyuta, na namna anavyolijibu inaamua kama kumbukumbu za watu walio mbali naye, wasiomjua wala yeye hawajui, zitaamka salama asubuhi.

Chukua mfano wa Hadoop, programu iliyoanza mwaka 2006 na kupewa jina la tembo wa kuchezea wa mtoto wa Doug Cutting, mmoja wa waanzilishi wake. Kazi yake ni kuzifanya kompyuta nyingi za kawaida zifanye kazi kama moja kubwa; mafundi huliita kundi hilo klasta. Faili lisiloweza kubebwa na mashine moja hukatwa vipande vya megabaiti 128, na kila kipande huwekwa nakala 3 katika mashine tofauti. Katikati yupo mtunza majina. Huyu hana data ya mtu hata moja. Anachojua ni kipande kipi kiko wapi na ni cha nani. Kila sekunde 3 mashine nyingine humpelekea pigo la moyo. Akikaa dakika kumi na nusu bila kulisikia, huihesabu mashine hiyo kuwa imekufa, na huagiza waliobaki watoe nakala upya ili idadi itimie.

Klasta kama hiyo hupandishwa toleo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzima kila kitu, kubadilisha, na kuwasha. Ya pili, iliyokuja na toleo la 2.4 mwaka 2014, ni kwenda kwa zamu bila kusimamisha kazi. Mtunza majina wa akiba hushughulikiwa kwanza, kisha hupokea kazi ili mwenzake naye ashughulikiwe, kama Doto anavyoshika jembe pacha wake Kulwa apate kunywa maji. Halafu mashine za data hufuata, chache chache, mpaka zote ziishe. Mwisho wa kazi hakuna programu hata moja ya jana inayokimbia, na hakuna dakika ambayo klasta ilikuwa haipo.

Mkoa wa Simiyu unazijua njia zote mbili tangu kabla ya kompyuta. Ngitili ni njia ya zamu. Sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wakala kwingine, na hufunguliwa kiangazi kinapokaza na nyasi zimekuwa adimu. Mradi wa HASHI, uliodumu kuanzia 1986 hadi 2004 katika Shinyanga ya wakati huo, ambayo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake, ulirudisha miti na majani kwa kujenga juu ya desturi hiyo hiyo. Mradi haukuwataka Wasukuma waondoe mifugo yote ili ardhi ipone.

Pamba ni njia nyingine. Baada ya kuvuna, mkulima hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia yote kabla ya tarehe 15 Septemba, na hapo hakuna zamu. Shamba moja likiachwa na mashina yamesimama, wadudu hupata nyumba ya kukaa wakisubiri msimu, na kazi ya majirani wote imekwenda bure. Hapa ndipo mafundi wengi huteleza, wakidhani kwenda kwa zamu ni bora siku zote. Zamu inawezekana pale tu ambapo cha zamani na kipya vinaweza kuishi pamoja bila kimoja kukiharibu kingine. Pasipowezekana hivyo, ni uungwana kusimama, kuwaambia watu mapema kwamba tunasimama, na kuwaambia kwa nini.

Mkoa wenyewe ni meli ya Theseus. Mpaka mwaka 2012 haukuwapo. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikatoka upande wa Magu mkoani Mwanza, Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 chini ya jina jipya. Ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Mtu aliyezaliwa Bariadi mwaka 1980 ana cheti kinachosema Shinyanga na kadi nyingine inayosema Simiyu, na hajawahi kuhama. Kwake yeye hakuna kilichobadilika isipokuwa jina la pahali alipokuwa amesimama. Kwa mashine inayolinganisha herufi kwa herufi, hao ni watu wawili.

Wanatheolojia walikutana na fumbo hili kabla ya mafundi, na walilikuta mahali pazito kuliko mbao za meli: kwenye ufufuo. Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, alijiuliza katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu: nyama ya mtu aliyeliwa na mwenzake wakati wa njaa itafufuka kama mwili wa nani? Akajibu kwamba itarudi kwa mwenyewe wa kwanza. Aliyekula aliazima tu. Al-Ghazali, mwishoni mwa karne ya 11, alikwenda njia nyingine alipokuwa akibishana na wanafalsafa. Mungu anaweza kuirudisha nafsi katika mwili, alisema, uwe wa mada ile ile ya kwanza au ya nyingine, kwa maana mtu ni yeye kwa nafsi yake wala si kwa mwili wake. Klasta iko upande wa Al-Ghazali. Mashine ikifa, hakuna anayezitafuta diski zake kwenye jalala. Vipande vyake hunakiliwa kutoka kwa wenzake na kuwekwa kwenye chuma kingine, na aliyeandika data hiyo haoni tofauti.

Lakini nafsi ya data ni nini? Nusu ya jibu iko kwa John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya aliyefundisha Makerere. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza wakati kama alivyoona Waafrika wanavyouishi. Aliyefariki, kwa maelezo yake, hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Wa mwisho wao akiondoka, marehemu huzama katika Zamani. Mtunza majina wa Hadoop angeafiki kila neno. Vipande vyote vinaweza kuwa vizima, nakala zote 3, na bado data imekufa, kwa sababu orodha ya majina imepotea na hakuna anayejua kipi ni cha nani.

Hata hivyo jina peke yake halitoshi, na ushahidi ulikuja mwaka 2020. Spark, programu nyingine kubwa ya kuchakata data kwenye klasta, ilipopandishwa kuwa toleo la 3.0 ilibadilisha namna ya kuhesabu kalenda. Matoleo ya nyuma yalifuata mchanganyiko wa kalenda mbili, ya Juliasi na ya Gregori, zikikutana mwaka 1582, mwaka ambao Papa Gregori XIII aliifanya tarehe 4 Oktoba ifuatwe na 15. Toleo jipya likaichukua kalenda ya Gregori na kuirudisha nyuma bila kikomo. Kwa hiyo tarehe iliyotangulia 15 Oktoba 1582, ikiandikwa na la zamani na kusomwa na jipya bila tahadhari, ingeweza kutoka nyingine. Hakuna biti iliyoguswa. Jina la faili lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni msomaji.

Anayezungumza Kiswahili hahitaji kwenda mpaka 1582 kulielewa hilo. Tangazo likisema huduma itasimama saa 2 usiku, Bariadi watu wataelewa ni baada tu ya chakula. Fundi aliyezoea saa ya kompyuta anaweza kuwa alimaanisha saa 8. Tarakimu moja, na kati ya wasomaji wawili yamepita masaa sita. Na hiyo saa 8 ya usiku, inayopendwa na mafundi kwa sababu eti watu wamelala, ndiyo saa ambayo katika zahanati ya Itilima muuguzi anaweza kuwa anampokea mtoto na kumwandika kwenye kitabu cha takwimu za afya, MTUHA. Mwisho wa mwezi mstari ule utajumlishwa na mingine, uingie kwenye DHIS2, mfumo unaotumika nchi nzima tangu 2013, na kutoka hapo zitakadiriwa chanjo za mwaka ujao.

Kwa hiyo wenye mbao na wenye umbo la meli wote wanatafuta pasipo. Kinachoufanya mfumo kuwa ule ule ni amana. Mkulima alipima kilo zake akaambiwa zimeandikwa; mama alitaja tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe akaambiwa imeandikwa. Hao walitoa kitu mkononi mwa mtu wasiyemwona, kwa sharti moja, kwamba siku watakapokiulizia kitasema kile walichosema wao. Klasta inaweza kubadilishwa kila chuma na kila mstari wa programu na ikabaki ile ile, endapo inalipa amana hiyo. Inaweza pia kubaki bila kuguswa hata parafujo moja ikawa nyingine kabisa, endapo imeanza kuwasomea watu maneno ambayo hawakuyasema. Mwislamu atalitambua neno amana bila maelezo, na Mkristo ana la kwake, uwakili. Wote wawili wamefundishwa kwamba mwenye kutunza cha mwenzake ataulizwa.

Ndiyo maana hatua ya mwisho ya kupandisha toleo inatisha. Wakati wa kazi, Hadoop huweka kando hali ya zamani, na mpaka hapo fundi anaweza kurudi nyuma. Kisha huja amri ya kuhitimisha. Ikitolewa, mbao za Hobbes zinachomwa. Hakuna tena meli ya pili. Wenye busara hawaitoi usiku ule ule. Wanasubiri, wanalinganisha hesabu za jana na za leo, wanawauliza wanaotumia mfumo kama kuna kilichowashangaza. Ni kama familia inayongoja arobaini ipite ndipo ikae kuzungumzia mirathi: marehemu hatarudi, lakini mwenye deni, mwenye dai, na mtoto aliyekuwa mbali wapewe nafasi ya kufika. Kungoja milele nako hakufai, kwa kuwa hali ya zamani inakula nafasi kila siku, na data inayofutwa haiachii diski yake mpaka shauri lifungwe. Siku ya kuhitimisha haina kanuni. Lazima mtu aichague na aweke jina lake.

Kalenda mpya ya mita za LUKU nayo ina biti 24. Ukihesabu dakika 16,777,216 kuanzia 1 Januari 2014 unaangukia tarehe 24 Novemba tena, mwaka 2045. Mtoto aliyezaliwa Bariadi wakati nyumba yao inabonyeza zile tarakimu 60 atakuwa ametimiza miaka 20 na ushei. Mita ile ikiwa bado iko ukutani, yeye ndiye atakayesimama mbele yake na simu mkononi, akimsomea mtu nne nne.