Sadaka Isiyongoja Ramadhani

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Ndugu zangu Waislamu wa miji ya pwani,

Leo natutazame mbali kidogo na bahari, hata Meru na Embu, ubavuni mwa Mlima Kenya. Huko, kama hapa kwetu, huzaliwa watoto wenye tundu katika ukuta ugawao vyumba vya moyo. Mama humwona mwanawe akinyonya huku akitweta, jasho lamtoka, wala hanenepi; naye hudhani ni kifua tu. Tundu likiwa kubwa, damu hurejea mapafuni kwa wingi na kwa nguvu. Miaka ikipita, mishipa ya mapafu huwa migumu, na hapo upasuaji haufai tena. Mtoto huyu ana wakati wake, na wakati huo haungoji.

Aghalabu tiba yake huwa Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru. Baba mwenye migomba na mashina machache ya kahawa atazitoa wapi gharama hizo? Na hata akilipiwa upasuaji, bado iko nauli, chakula na malazi ya mama. Huko Nairobi hospitali ya Mater, iliyofunguliwa na masista wa Kikatoliki mwaka 1962, imepasua watoto wengi wa namna hii, na watu wamekimbia mbio za hisani kuwachangia. Je, sisi? Twatoa, alhamdulillahi, lakini wengi wetu twafumba mkono mpaka Ramadhani, na mali twaimaliza katika karamu za arusi na hitima.

Jueni ya kuwa sadaka haina mwezi. Na zaka nayo, katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyekwisha kumiliki nisabu yajuzu aitangulize kabla mwaka wake haujatimia, ampe Muislamu fakiri. Ama jirani asiye Muislamu, mlango wa sadaka u wazi kwake, na moyo wa mtoto wake wauma vivyo hivyo.

Ibn al-Nafis, tabibu wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1288, ndiye aliyeeleza damu ipitavyo mapafuni. Si aibu warithi wake kuwa wa mwisho?

Basi kila darasa na liweke mfuko wake tangu Ijumaa hii, na kila mmoja aisome aya ya 32 ya Suratul-Maida kabla hajakisia atakachotoa.

Wabillahi tawfiq.