HOTUBA YA IJUMAA: MGONJWA WA SUKARI AMUULIZE NANI?

 Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) habari ya watu waliokuwa safarini. Mmoja alipigwa na jiwe, akapata kidonda kichwani. Usiku akaota, akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliposikia alikasirika, akawahesabu wao kuwa ndio waliomuua, kwani hawakujua na hawakuuliza.

Ndugu zangu, wale walikuwa Waislamu wenzake, hawakumtakia ubaya. Walijibu tu jambo wasilolijua.

Na mimi nimejibu hivyo. Miaka iliyopita alinijia mzee mmoja kutoka upande wa Kabambare, amekonda, anakunywa maji mchana na usiku. Nilimsomea, nikamuandikia kombe. Sikumuuliza kama munganga amempima, wala kama ana dawa nyumbani. Alikuwa nazo. Aliziacha kwa sababu alifikiri kombe limetosha, na mimi sikumwambia kinyume. Kidonda cha mguu kilimla, na sala yake ya jeneza niliisalisha mwenyewe. Kisomo ni haki, lakini hakikatazi kidonge.

Mtu anatoka kupimwa leo, anaambiwa ana sukari. Kabla hajafika nyumbani amekwisha pewa majibu kumi. Huyu anasema amerogwa, kwa sababu sungusungu wanajaa anapokojoa. Sungusungu wanafuata sukari inayotoka katika mkojo, basi. Yule anasema majani machungu yanaponyesha kabisa. Mwingine anamuonea haya mke wake, ananyamaza.

Katika Sura An-Nahl, aya ya 43, tumeamrishwa kuwauliza wenye ujuzi ikiwa hatujui. Katika jambo hili wenye ujuzi wako kwenye kituo cha afya na hospitali kuu ya Kasongo. Wazee wanakumbuka waganga wa Antwerp waliofanya kazi hapa katika miaka ya 1970, na vituo vya afya vilivyoenezwa vijijini ili mgonjwa asitembee siku nzima. Uliza: sukari yangu ni ya vidonge au ya sindano? Nile bukari na wali kiasi gani? Miguu niiangalie namna gani? Kama hujui kusoma, nenda na mtoto aandike.

Aliyeandikiwa insulini asiiache hata siku moja pasipo neno la munganga. Kabla ya mwaka 1922 dawa hii haikuwako, na mtoto aliyeshikwa na sukari ya namna hiyo alikufa tu. Haipendi joto. Pasipo umeme, iwekwe katika chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga wenye maji, kivulini.

Mama zetu, mkimuona mgonjwa anatetemeka, anatoka jasho, anasema ovyo, huenda sukari imeshuka. Akiwa anaweza kumeza, apewe maji ya sukari palepale. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, akimbizwe kwa munganga.

Juu ya Ramadhani: Sura Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kuisha, alishe maskini kwa kila siku. Wako wanaoweza kufunga, lakini munganga aulizwe mwezi mmoja au miwili mbele, si usiku wa mwandamo. Kuchoma kidole ili kupima damu hakufunguzi. Na tusimtazame vibaya anayekula. Sisi tunaomtazama ndio tunaomfanya afunge kwa siri mpaka aanguke.

Baada ya sala, wenye ugonjwa huu, au wenye mgonjwa nyumbani, wabaki upande wa kisima; mama zetu watakutana nyuma ya pazia. Tunataka wajuane, aliyezoea amuonyeshe mgeni. Tutaanza pia likelemba ya nauli ya pikipiki kwa wanaotoka mbali. Na chai ya maulidi ijayo, sukari itawekwa pembeni, kila mtu ajitilie.