Kabla Hujanunua Kinu

Mwanangu, hili nimelisema mpaka nimechoka, lakini nitalisema tena kwa kuwa nasikia umeanza kuulizia bei za vinu. Bei iache kwanza. Ugumu wa jiwe lako unaujua?

Mbale, yaani jiwe la dhahabu, uliyoipeleka kupimwa umeichota juu juu, mdomoni mwa duara, shimo lako la mgodi. Hapo mvua na hewa vimeila kwa karne nyingi. Ni nyekundu, inamegeka mkononi. Hapa Geita ukishapita sehemu hiyo iliyooza unakutana na mwamba mzima, matabaka ya chuma na silika, nyundo inadunda. Na huo ndio utakaousaga kwa miaka mingi zaidi.

Mmarekani Fred Bond aliandika kanuni yake ya kukadiria nguvu ya kusaga jiwe mwaka 1952, na bado tunaitumia. Maabara huchukua kama kilo 10 za mbale, huiponda hadi ipite chekeche ya milimita 3.35, kisha huisaga katika kinu kidogo cha kipenyo cha sentimita 30.5 chenye gololi 285 za chuma. Husaga, huchekecha, hutoa iliyolainika na kujazia mbichi ya uzito uleule, tena na tena, mpaka kiasi kinacholainika kwa kila mzunguko wa kinu kitulie. Hapo ndipo namba ya ugumu inapopatikana. Mpimaji usimharakishe.

Sasa tuseme ya juu imetoa 8, ya chini 14. Kuisaga kutoka maikroni 2,000 hadi asilimia 80 yake ipite maikroni 75, ya juu inakula uniti 7.5 hivi za umeme kwa tani. Ya chini, 13. Kwa tani 10 kwa saa, moja inataka kilowati 75, nyingine 130, na hapo sijahesabu nguvu inayopotea kwenye mota na giaboksi. Ukinunua kinu kwa kipimo cha jiwe la juu, ukifika chini utasaga tani 6 kwa shida. Ukilazimisha 10, unga utatoka na chenga, dhahabu ibaki imefungwa ndani ambako sayanaidi haifiki, uitupe pamoja na marudio, yale mabaki ya kusaga. Na kama umenunua kwa mkopo, rejesho la benki liko palepale.

Rudi duarani, mwanangu. Chukua sampuli za kila kina na kila aina ya mwamba, usizichanganye, maana wastani utalificha lile gumu. Kila mfuko uandike ulikotoka. Muuzaji akikuuliza unataka kinu gani, mpe namba ya jiwe gumu, ukubwa wa punje zinazoingia na wa zile unazotaka zitoke.