Ujira wa Mlezi wa Kambi

Watu hutuuliza: kijana alalaye hemani wiki nzima na watoto wa wenzake apata faida gani? Fedha ni haba, na usingizi haba zaidi. Agosti 1907, Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, alipiga kambi kisiwani Brownsea, Uingereza, na wavulana wapatao 20. Wana wa matajiri na wa wafanyakazi aliwachanganya katika vikosi vinne, kila kimoja chini ya mvulana mkubwa. Mzigo wenyewe ndio ujira: aamshwaye usiku na mtoto amliliaye mamaye hujifunza subira isiyofundishwa darasani. Wengine husema, basi, ajitafutia nafsi yake. Sisi hatukubali. Furaha hiyo haimjii aifuataye. Humjia akiwa ameshughulika kuwahesabu watoto gizani, mmoja mmoja, kabla hajalala.